Zao Gani Lipandwe Karibu na Pori?

Gunia moja la mahindi lina kilo 100. Tembo mmoja mkubwa hula kilo 150 za chakula kwa siku moja, na pengine zaidi. Porini chakula hicho ni majani, magome, mizizi na matunda. Akiingia shambani kwako, chakula hicho ni mahindi yako. Tena, mbali na anachokula, kuna anachovunja na anachokanyaga. Kundi la tembo 6 likikaa saa chache za usiku, shamba la ekari moja linaweza kwisha kabisa. Nyumba iliyolima tangu Novemba inabaki kununua unga dukani mpaka mavuno ya mwaka unaofuata.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, jembe na mbolea. Bunduki ni kazi ya askari wa wanyamapori. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya mbegu. Zao gani lipandwe ukingoni mwa pori? Zao gani likae karibu na nyumba? Na kwa nini?

Nawaandikia hasa ninyi wa kusini: Liwale, Nachingwea, Tunduru na Namtumbo. Huko wakulima ni majirani wa Pori la Akiba la Selous, na wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kutoka katika pori hilo mwaka 2019. Upande wa Tunduru na Namtumbo, tembo husafiri kwenda Niassa, nchini Msumbiji, na kurudi. Huvuka Mto Ruvuma. Lakini hata wewe unayelima Bunda, Meatu au Iringa vijijini, unawajua wageni hawa. Soma pamoja nasi.

WANAOPANDA ILI MNYAMA AJE

Huko Marekani kuna jambo ambalo litakushangaza. Watu hulima shamba dogo msituni, hupanda, hupalilia, hutia mbolea, kisha huliacha liliwe na wanyama. Wengi wao ni wawindaji. Wanamtaka mnyama mmoja anayefanana na swala wetu, ila dume lake huangusha pembe zake na kuota nyingine kila mwaka. Kwa Kiswahili watu humwita kulungu, ingawa kulungu wetu wa hapa ni mnyama mwingine.

Kabla ya kupanda, wawindaji hao hujiuliza maswali matatu. Mnyama huyu anapenda kula nini? Anakitaka mwezi gani? Na mahali gani hataogopa kusimama na kula? Basi hupanda klova na soya, kwa sababu kulungu hupenda majani laini yenye nguvu. Hupanda tanipu kwa ajili ya miezi ya baridi, kwa sababu majani yake huwa matamu zaidi yakishapigwa na sakitu. Tena hupanda karibu na kichaka, kwa sababu kulungu hula kwa amani akiwa na mahali pa kukimbilia.

Sasa tazama mashamba yetu. Mtu anaingia porini, anafyeka kipande katikati ya miti, anapanda mahindi matamu, na pembeni anatupia mbegu za maboga na matikiti. Pande zote nne ni kichaka. Mtu huyu hakukusudia, lakini amefanya vile vile kama yule mwindaji wa Marekani. Amepanda shamba la kumwita mnyama.

Maswali yale matatu ni mazuri. Sisi tuyageuze tu. Zao gani mnyama halipendi? Mwezi gani shamba liwe tupu? Na mahali gani ataogopa kusimama?

KILA ZAO LINA MGENI WAKE

Tembo hupenda mahindi kuliko karibu kila kitu tunachopanda, na zaidi sana pale punje zinapoanza kuwa na maziwa. Hupenda matikiti, maboga, miwa, ndizi, mpunga, mtama, mihogo na viazi vitamu. Mwembe wenye matunda yaliyoiva humvuta usiku kutoka mbali. Pua ya tembo ni kali mno. Wewe unaona shamba ukifika. Yeye amekwisha kulinusa akiwa bado ng'ambo ya bonde.

Nguruwe pori hufukua mihogo, karanga na viazi. Hutembea usiku pia, na asubuhi utadhani mtu amelima. Nyani na ngedere huja mchana. Nyani huvunja mahindi na kung'oa karanga changa, na akiona dungu halina mtu hujua. Swala na mbawala huchuma majani machanga ya kunde na maharage. Kwelea kwelea wanataka mtama, uwele na mpunga. Kiboko, kwa mkulima wa kando ya mto, anakula mpunga kama anavyokula majani.

Je, lipo zao lisiloliwa na mnyama yeyote? Halipo. Tembo mwenye njaa kali huonja hata kile asichokipenda. Lakini yapo mazao ambayo tembo kwa kawaida huyapita. Ya kwanza ni pilipili. Ya pili ni ufuta. Tangawizi pia, na tumbaku. Majani ya mazao haya yana ukali, uchungu au harufu ambayo tembo haitaki kinywani. Alizeti siitegemei ukingoni mwa pori, kwa sababu hata tembo akiiacha, ndege wataimaliza.

Katika wilaya za kusini, zao linalofaa zaidi ukingoni ni ufuta. Sisemi hivyo kwa ajili ya tembo tu. Ufuta unaujua udongo wa huko, wakulima wanaujua, na soko lake lipo kupitia vyama vya ushirika na minada ya stakabadhi ghalani. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu bora, kama Lindi 02, ambayo ina punje nyeupe.

Ufuta hupandwa kuanzia katikati ya Januari hadi Februari, wakati mvua imekwisha tulia. Hautaki shamba linalotuama maji. Panda kwa mistari, nusu mita kutoka mstari hadi mstari. Usimwage mbegu nyingi kwa kuwa ni ndogo. Changanya mbegu na mchanga mkavu, ndipo umwagie katika mfereji mdogo usiozidi kina cha sentimita 2 au 3. Baada ya wiki mbili au tatu punguza miche, ibaki ile yenye afya. Palizi la kwanza lisichelewe. Ufuta mchanga hukua polepole na magugu huushinda mapema.

Wakati wa kuvuna usingoje vitumba vyote vikauke. Vile vya chini vikianza kufunguka, kata mashina, yafunge matita, yasimamishe juu ya turubai. Ukichelewa siku chache, utawavunia mchwa na ndege.

Tembo akipita katika ufuta atakanyaga. Hilo lisikushangaze. Mguu wake hauchagui zao. Lakini mkulima aliyekanyagiwa mistari 10 bado ana shamba.

UFUTA HAUSONGWI UGALI

Hapa nataka tusimame kidogo. Nimekutana na wakulima waliochoka na tembo, wakaacha mahindi kabisa. Wote wakapanda ufuta. Mwaka wa bei nzuri walijenga nyumba za bati. Mwaka wa bei mbaya, ilipofika Januari, walikuwa wanakopa mahindi ya kula kwa bei ya muuzaji. Baadhi waliuza ufuta wao ungali shambani, haujavunwa, kwa mtu mwenye magunia ya unga. Mkulima wa namna hiyo hakuliwa na tembo. Ameliwa na mwingine.

Tembo hali ufuta, lakini nawe huwezi kuusonga ugali. Kwanza hesabu chakula cha nyumba yako. Chukua kalamu. Nyumba yako hula magunia mangapi tangu mavuno hadi mavuno? Tuseme ni magunia 7. Ekari yako hutoa magunia mangapi mwaka wa kawaida? Tuseme ni 5. Basi unahitaji karibu ekari moja na nusu ya mahindi, nayo ndiyo ya kulindwa kwa nguvu zote. Shamba linalobaki ndilo la ufuta.

Kina mama wanaijua hesabu hii kuliko sisi wanaume, kwa maana wao ndio wanaofungua ghala kila asubuhi. Baba, usiamue peke yako ekari ngapi ziwe za ufuta.

BEGA KWA BEGA

Sasa tuje kwenye mahali. Wazee wanakumbuka mashamba ya bega kwa bega ya miaka ya 1970. Wengine hawayakumbuki kwa furaha, nami sitaki kufufua ugomvi wa zamani. Lakini kwa jambo la wanyama, hesabu yake haina ubishi. Tuifanye pamoja.

Ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Ukizunguka pande zote nne, umetembea hatua 280. Wakulima 16, kila mmoja na ekari yake peke yake porini, wana ukingo wa hatua 280 mara 16. Hiyo ni hatua 4,480 za kulinda.

Wakulima hao hao waweke ekari zao pamoja, nne kwa nne. Kila upande wa shamba kubwa ni hatua 280. Pande nne ni hatua 1,120. Ekari ni zile zile 16, mahindi ni yale yale, lakini ukingo umekuwa robo. Madungu manne yanatosha, na watu hulinda kwa zamu. Mwenye zamu leo, kesho analala nyumbani.

Shamba hilo la pamoja la mahindi likae karibu na kijiji, mahali penye sauti za watu, moshi na taa. Tembo anapenda kuingia shambani moja kwa moja kutoka kichakani. Akilazimika kuvuka uwanda mweupe, husitasita. Kwa hiyo fyekeni ukanda mpana kati ya mahindi na kichaka, na msiuache ukaota tena Februari wakati kila mtu ana shughuli. Nje ya ukanda huo ndipo pawe na ufuta. Pilipili ziwe mistari michache ya mwisho kabisa, upande wa pori.

Maboga, matikiti na miwa vitoke ukingoni. Vipandwe karibu na nyumba au visipandwe. Mtu mmoja mwenye matikiti 20 ukingoni anawaitia tembo kijiji kizima. Ukiona mwenzako amefanya hivyo, mweleze mapema, matikiti yakiwa bado maua.

Kuna swali gumu ambalo hujitokeza kila mkutano. Nani atoe ardhi yake karibu na kijiji? Mwenye shamba la ukingoni anaambiwa apande ufuta. Sawa. Lakini atakula nini? Mara nyingi mwenye shamba la ukingoni ndiye maskini, au mjane, au mtu aliyehamia juzi. Waliotangulia wamekwisha kuchukua ardhi ya karibu. Mkiwaambia hawa wapande ufuta bila kuwapa sehemu ya mahindi ndani, watatikisa kichwa kukubali, na Desemba watapanda mahindi pale pale ukingoni. Nani atawalaumu?

Nimeona njia mbili zinazofaa. Katika kijiji kimoja, wenye ardhi ya ndani waliwaazima wa ukingoni nusu ekari kila mmoja ya kulima mahindi. Nao wa ukingoni wakawaazima wale wa ndani sehemu ya kulima ufuta. Hakuna fedha iliyotoka. Makubaliano yaliandikwa kwenye daftari la kijiji, kwa miaka mitatu. Katika kijiji kingine walitenga ardhi ya kijiji. Njia ya kwanza ni ya haraka zaidi. Ya pili husumbua, maana ardhi ya kijiji iliyo karibu na nyumba haipo tena katika vijiji vingi. Katika njia zote mbili, pasiwe na neno la mdomo tu. Andikeni.

SHAMBA LA MWISHO

Swali la tatu ni mwezi. Kusini mahindi hupandwa Desemba na huanza kukomaa Machi na Aprili. Hiyo ndiyo miezi ya hatari. Kama mashamba yote yanakomaa pamoja, tembo wana mengi ya kuchagua na walinzi wako wengi. Mavuno yakija, yanaisha pamoja. Lakini kila kijiji kina mtu wa mwisho. Alichelewa kupanda, au alirudia kwa sababu ya jua. Wenzake wamevuna na madungu yamevunjwa. Mahindi yake yamebaki peke yake yakiwa ya kijani. Shamba hilo huliwa karibu kila mwaka.

Kwa hiyo pandeni kwa wakati mmoja. Msaidieni aliyechelewa, kwa sababu mahindi yake yaliyobaki huwafanya tembo waendelee kuzunguka kijiji. Tumieni mbegu zinazofaa ukanda wa chini, kama TMV-1 au Staha, ambazo pia hustahimili ugonjwa wa milia. Muulizeni bwana shamba au bibi shamba wenu ipi inapatikana.

Mahindi yakikauka usiyaache yamesimama shambani kwa sababu tu ghala halijatengenezwa. Tengeneza ghala kwanza. Wala usihifadhi magunia katika kibanda cha nyasi huko shambani. Tembo amewahi kubomoa kibanda, na hata nyumba, kufuata mahindi yaliyohifadhiwa ndani. Kama kuna mtu amelala humo, hasara si ya mahindi tena.

MIHOGO MICHUNGU

Wazee wa kusini walikuwa na ujanja wao. Walipanda mihogo michungu karibu na pori na mihogo mitamu karibu na nyumba. Nguruwe na nyani huisumbua mitamu zaidi. Sumu iliyomo katika mihogo michungu huwafanya waiache mara nyingi. Ujanja huu ni mzuri, lakini una sharti.

Sumu ile ile inamdhuru mtu. Mihogo michungu lazima imenywe, ilowekwe siku kadhaa mpaka ilainike, kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Mwaka wa njaa watu hufupisha kazi hii. Huloweka siku moja, hutwanga, hula. Wakila hivyo wiki nyingi, bila maharage, samaki wala nyama, wanaweza kupatwa na ugonjwa uitwao konzo. Miguu hukakamaa ghafla na mtu hawezi tena kutembea vizuri maisha yake yote. Wanaopatwa zaidi ni watoto na kina mama. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa huu ulitokea Wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Hauna dawa ya kuuponya. Kwa hiyo anayepanda mihogo michungu, nyumba yake yote ijue namna ya kuiandaa. Hata mtoto anayechimba muhogo mmoja njaa ikimuuma ajue shina lipi si la kutafuna.

PILIPILI NA NYUKI

Pilipili uliyovuna ina kazi nyingine. Wakulima wa bonde la Mto Zambezi, nchini Zimbabwe, walianza kuijaribu dhidi ya tembo katika miaka ya 1990. Sasa inatumika pia hapa kwetu. Twanga pilipili kali iliyokauka. Funga pua na mdomo kwa kitambaa unapotwanga, na usimbebe mtoto mgongoni. Changanya na oili chafu ya gari au grisi. Chovya vitambaa vikuukuu, uvifunge kwenye kamba ya katani iliyozungushwa shambani juu ya nguzo, kimo cha kifua. Oili hushika ukali wa pilipili mvua isiuoshe haraka. Hata hivyo, mvua kubwa ikinyesha, paka tena. Oili isimwagwe karibu na kisima.

Namna nyingine ni moshi. Okota kinyesi cha tembo kilichokauka. Changanya na pilipili iliyotwangwa na maji kidogo, tengeneza matofali, anika. Usiku choma moja ukingoni, upande ule upepo unakotoka, ili moshi utambae kuelekea kwenye mapito ya tembo. Moshi ukikurudia wewe, utalia kabla ya tembo. Malighafi hii tembo mwenyewe hutuletea bila malipo, basi tusiidharau.

Nyuki nao ni askari wazuri. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humchoma ndani ya mkonga na kando ya macho. Huko Sagalla, Kenya, karibu na Hifadhi ya Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wakulima walizungushia mashamba mizinga, mzinga mmoja kila mita 10, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Tembo wengi waligeuka, na wakulima wakauza asali. Ubaya wake ni kwamba mwaka wa ukame nyuki huhama, na mzinga mtupu hautishi mtu wala tembo. Isitoshe, mizinga mingi inataka fedha. Kwa kijiji kinachoanza, mimi ningeanza na pilipili, kisha mizinga michache upande ule tembo wanakoingilia.

Hakuna hata kimoja katika hivi kinachofanya kazi peke yake. Tembo hujifunza. Kamba ya pilipili isiyo na mlinzi karibu atajua siku moja kwamba ni kamba tu.

UKIWA KATIKA DUNGU

Usilinde peke yako, wala usimlaze mtoto shambani. Uwe na tochi yenye mwanga mkali, debe na filimbi. Mkisikia matawi yanavunjika, pigeni kelele pamoja mkiwa mbali. Msimfuate tembo ndani ya kichaka. Mbwa aachwe nyumbani, maana akifukuzwa na tembo hukimbilia kwa bwana wake, na tembo humfuata huko huko. Ukiona mtoto wa tembo, mama yake yuko karibu. Ondoka.

Usichimbe shimo la mtego na usiweke sumu. Kwanza ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Pili, sumu haichagui. Huua mbwa, tai, na mtu aliyeokota nyama. Tembo aliyejeruhiwa na asife ni hatari kwa kila apitaye njia hiyo, hata yule anayekwenda zahanati.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Tuseme umefanya yote na bado shamba limeliwa. Serikali ina malipo yaitwayo kifuta jasho, kwa mazao na mifugo. Mtu akiuawa au kujeruhiwa, yapo malipo yaitwayo kifuta machozi. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2011. Tazama majina hayo vizuri. Hayasemi fidia. Kwa kanuni hizo za 2011, mazao hayakulipwa zaidi ya shilingi 100,000 kwa ekari, wala zaidi ya ekari 5, na umbali wa shamba lako kutoka mpaka wa hifadhi ulihesabiwa. Viwango vinaweza kubadilishwa, basi muulize afisa wanyamapori wa wilaya vya sasa. Lakini usipange chakula cha mwaka kwa kutegemea malipo hayo.

Hata hivyo ni haki yako, na wengi huikosa kwa sababu ndogo ndogo. Siku hiyo hiyo toa taarifa kwa afisa mtendaji wa kijiji. Usifyeke wala usipande tena kabla shamba halijapimwa. Acha nyayo na kinyesi mahali pake. Kama una simu yenye kamera, piga picha. Tafuta mashahidi wawili. Afisa akija kupima, tembea naye ukingo mzima, uhesabu hatua mwenyewe, uziandike.

Kisha italetwa fomu. Soma tarehe, zao, ukubwa wa shamba na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana herufi moja ikikosewa malipo huweza kukwama. Usiweke sahihi kwenye fomu isiyojazwa. Na kama jirani yako hasomi, kaa naye, umsomee fomu yote kwa sauti kabla hajaweka dole gumba.